Dhahabu Moja Inamlisha Nani? Gharama za Maisha na Matabaka Ndani ya Dungeons & Dragons

Kundi la wachezaji wanne limetoka pangoni na sarafu 180 za dhahabu. Mmoja anasema sasa wao ni matajiri, anataka chumba bora kuliko vyote pale mjini. Mwingine ameshafungua orodha ya bei, ameona deraya ya mabamba ya chuma, yaani vazi la vita, inauzwa dhahabu 1,500, anasema hawana kitu. Ubishi huu huibuka kwenye meza nyingi za wanaoanza kucheza, iwe barazani Mtwara mjini au chumbani kwa wanafunzi Lindi, na mara nyingi huishia kwa mtu kutoa simu na kutafuta bei ya dhahabu ya leo duniani. Hapo ndipo hesabu inapoharibika kabisa.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa ajili ya aliyeusikia juu juu. Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji anashika mhusika mmoja: mpiganaji, mchawi, mwizi, kuhani. Mtu mmoja, hapa tumwite msimamizi, anasimulia dunia wanamopita, anawasemea watu wanaokutana nao na kusimamia kanuni. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, kete zinaamua. Bei zote za hapa ni za kitabu cha mchezaji cha toleo la 2014. Toleo la 2024 limebakiza gharama za maisha zilezile.

Sarafu za kuzijua ni tatu. Dhahabu 1 ni fedha 10, na fedha 1 ni shaba 10, kwa hiyo dhahabu 1 ni shaba 100. Neno fedha humu lina maana ya sarafu ya madini hayo tu, si pesa kwa jumla. Zipo sarafu nyingine mbili, ya elektramu na ya platinamu, lakini zinazidisha mkanganyiko bila faida. Ziacheni mpaka hizi tatu ziwakae kichwani.

Madaraja saba

Gharama ya maisha mchezoni hupimwa kwa mtu mmoja kwa siku moja. Ndani yake kuna malazi, chakula, kinywaji, mahitaji mengine madogomadogo, na utunzaji wa vifaa ili upanga usishike kutu na buti zisiachie soli. Kununua upanga mpya hakumo. Dawa ya kuponya majeraha haimo pia. Hiyo peke yake ni dhahabu 50 kwa chupa.

Chini kabisa yuko hohehahe. Halipi chochote kwa sababu hana chochote: analala anapopata, anakula anachoomba, na maradhi na njaa viko naye kila siku. Anayemfuata ni fukara, anayetumia fedha 1 kwa siku na kuishi kwenye banda linalovuja au nyumba ya kupanga iliyojaa kunguni. Maskini anatumia fedha 2. Wa kawaida anatumia dhahabu 1. Hapa kitabu kinawaweka askari wenye familia, wanafunzi na makuhani. Mwenye nafuu, yaani mfanyabiashara wa wastani, fundi mzuri au ofisa wa jeshi, anatumia dhahabu 2. Tajiri ni dhahabu 4. Juu kabisa yuko mwinyi, mtu wa nasaba, kiongozi wa chama cha mafundi au mwanasiasa mkubwa, ambaye matumizi yake yanaanzia dhahabu 10 kwa siku na hayana dari.

Wengi husoma orodha hiyo na kupita. Inaanza kusema kitu pale unapoiweka pembeni ya bei za nyumba ya wageni, ambazo zimeandikwa mahali pengine katika sura hiyohiyo.

Chumba cha fukara ni shaba 7 kwa siku na chakula chake shaba 3. Jumla shaba 10, yaani ile fedha yake 1 imekwisha yote. Hana hata shaba ya sabuni. Maskini analipa shaba 10 za chumba na 6 za chakula, anabaki na shaba 4, na bei ya kopo moja la pombe ni shaba 4. Hiyo ndiyo starehe yake yote kwa siku, na akiinywa hajabakiza ya nguo. Wa kawaida analipa fedha 5 za chumba na fedha 3 za chakula, anabaki na fedha 2. Mwenye nafuu anabakiwa na fedha 7, tajiri na fedha 12. Mwinyi analala chumba cha dhahabu 4, anakula cha dhahabu 2, na zinambakia dhahabu 4 za mavazi, watumishi na zawadi za kujipendekeza kwa wakubwa.

Tazameni tena zile fedha 2 zinazombakia wa kawaida baada ya kula na kulala. Mfanyakazi asiye na ujuzi, mbeba mizigo au mchimba mtaro, analipwa fedha 2 kwa siku nzima ya kazi. Chenji ya mmoja ni mshahara wa mwingine. Ukitaka kipimo kimoja tu cha uchumi wa mchezo huu, shika hicho: siku ya kibarua ni fedha 2, na kila bei nyingine ipime kwa siku hizo.

Pengo lenyewe liko wapi

Watu hudhani pengo kubwa la matabaka liko juu, kati ya tajiri na mwinyi. Hesabu inasema vingine. Kutoka fukara kwenda maskini gharama inazidi mara 2. Kutoka kawaida kwenda nafuu ni mara 2, na nafuu kwenda tajiri ni mara 2 tena. Tajiri kwenda umwinyi ni mara 2 na nusu. Lakini kutoka maskini kwenda kawaida ni kutoka fedha 2 hadi fedha 10: mara 5 kwa hatua moja.

Mishahara nayo imekaa hivyohivyo. Kibarua fedha 2, fundi mwenye ujuzi angalau dhahabu 2, ambayo ni mara 10, na katikati kitabu hakikuweka mshahara wowote. Kwa hiyo kibarua hawezi kujibana taratibu hadi akapanda daraja. Akitumia yote anayopata, anaishi kimaskini peke yake bila akiba. Akishuka kwenye ufukara, anaweka fedha 1 kwa siku, na atahitaji siku 10 za kunguni na bati linalovuja ili anunue siku moja tu ya maisha ya kawaida. Kinachomtoa hapo ni ujuzi. Msimamizi anayejua hili hapati tabu kujibu kwa nini kijana wa kijijini anakubali kufuata wageni wenye panga kwenda pango lenye joka.

Na kibarua mwenye watoto? Hapa ndipo wasimamizi wengi hukosea, kwa kuzidisha gharama ya daraja kwa idadi ya watu nyumbani. Watu watano wa daraja la maskini wangehitaji fedha 10 kwa siku, na baba analeta 2, hivyo familia ingekufa wiki ya kwanza. Madaraja yale yamepimwa kwa mtu anayenunua kila kitu kilicho tayari: kitanda cha kukodi, sahani ya kupakuliwa. Familia inapika. Unga ni shaba 2 kwa ratili moja, ambayo ni karibu nusu kilo, na kuku mzima ni shaba 2. Ratili 4 za unga na kuku mmoja ni shaba 10. Zinabaki shaba 10 za kodi, kuni na chumvi, na chumvi ni shaba 5 kwa ratili. Ni maisha ya kubana, lakini yanaiweka familia hai, na mama akiuza chochote sokoni wanapumua.

Farasi wa mhusika, kwa upande wake, analipiwa fedha 5 kwa siku kwenye zizi la kukodi, na shaba 5 za lishe juu yake. Kijana anayemsugua anapata fedha 2.

Hesabu ya simu

Turudi kwa yule aliyetafuta bei ya dhahabu. Kanuni zinasema sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, kwa hiyo sarafu moja ni karibu gramu 9. Kwa soko la leo gramu 9 za dhahabu ni zaidi ya shilingi milioni moja. Mbuzi mchezoni anauzwa dhahabu 1. Ukikubali hesabu hiyo, mbuzi mmoja anapita milioni, na chupa ya dawa inapita milioni 50. Tena mchezo umeweka dhahabu kuwa mara 10 tu ya fedha, wakati soko la dunia hii linaiweka juu zaidi ya hapo kwa mbali. Madini ya mchezo na madini ya dukani hayana udugu.

Njia inayofanya kazi ni kupitia siku ya kibarua. Chukua malipo ya kibarua unayoyajua mahali ulipo. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi 10,000. Hiyo ni fedha 2, basi fedha 1 ni shilingi 5,000, shaba ni 500, na dhahabu ni 50,000. Sasa angalia: chumba cha wa kawaida ni 25,000, cha maskini 5,000, kopo la pombe 2,000, mkate 1,000, mbuzi 50,000. Mtu yeyote mezani anaelewa bila kuambiwa mara ya pili. Upanga mrefu wa dhahabu 15 unakuwa 750,000, na ile deraya inafika milioni 75, jambo linaloeleza kwa nini askari wa lango la mji hana.

Kuku wa shilingi 1,000 atachekesha watu, na ni haki yao. Bei za vyakula ghafi katika orodha ziko chini sana na bei za vifaa vya vita ziko juu sana. Sababu moja ni ya kihistoria. Katika kitabu cha mchezaji cha 1978, Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, aliwaambia wachezaji waifikirie hali yao kama miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako yai moja liliuzwa dola moja. Bei za vifaa zilipandishwa kwa makusudi, kwa kuwa wateja ni watu wanaotoka mapangoni na magunia ya sarafu. Mwaka uliofuata, kitabu cha msimamizi kiliweka gharama ya lazima: dhahabu zisizopungua 100 kwa mwezi kwa kila kiwango cha uzoefu cha mhusika. Mwenye kiwango cha 5 alikatwa 500 kila mwezi, awe analala hotelini au chini ya mti. Madaraja ya leo ni mepesi zaidi na, kwa maoni yangu, ni bora zaidi, kwa sababu yanamwachia mchezaji achague na kuishi na uchaguzi wake.

Pesa ya msimu, matumizi ya kila siku

Mpaka hapa ni bei. Ugumu wenyewe uko kwenye mtiririko, na msomaji wa Newala, Tandahimba au Ruangwa ataushika haraka kuliko wengi. Pesa ya korosho inakuja kwa mkupuo baada ya mnada, msimu wa Oktoba na miezi inayofuata. Chumvi, mafuta ya taa na ada ya shule havisubiri mnada, na katikati ya mwaka salfa inatakiwa mikorosho isiliwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Mhusika wa mchezo yuko hivyohivyo. Mapato yake yanakuja mara moja kwa wingi, kisha wiki hadi wiki anatoa tu.

Zigaweni zile dhahabu 180 kwa wanne: kila mmoja ana 45. Kwa kibarua hizo ni mshahara wa siku 225. Ukiishi kawaida, ni siku 45. Ukiishi kitajiri, siku 11. Ukiishi kimwinyi, siku 4, na ya tano unafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Hivyo yule wa kwanza alikuwa na pesa nyingi kweli, ila si za kuishi maisha ya juu. Na yule wa pili alikuwa anapima kwa kitu ambacho watu wachache sana katika dunia ile watakimiliki.

Kinachofuata pesa zikiisha kabla ya safari nyingine, kila mkulima wa kusini anakijua: kangomba. Mwenye shida anauza korosho zake mapema kwa bei ya mnunuzi. Mchezoni, silaha na deraya nzima hununuliwa na mfanyabiashara kwa nusu ya bei ya orodha. Upanga wa dhahabu 15 unarudi 7 na fedha 5. Mchezaji aliyeishi kitajiri wiki mbili anajikuta anauza upinde wake kulipa chumba, kisha anauhitaji tena siku tatu baadaye kwa bei kamili. Msimamizi asimzuie, amwonyeshe tu hesabu kabla hajalipa.

Wapo wanaosema watalala porini ili wasilipe. Gharama za madaraja ni za muda wa kati ya safari, hilo ni kweli, lakini safarini kuna posho ya chakula kikavu: nyama iliyokaushwa, matunda makavu, biskuti ngumu na jamii ya karanga. Bei yake ni fedha 5 kwa siku na uzito ratili 2. Siku 10 ni dhahabu 5 na ratili 20 mgongoni, zaidi ya mara mbili ya gharama ya daraja la maskini. Porini panakuwa rahisi ikiwa mmoja wenu anajua kuwinda na kuokota, na eneo lenyewe lina cha kuokota.

Kazi ya halali ipo pia, na inasahaulika mno. Kwa kanuni za 2014, mhusika anayefanya kazi yake kati ya safari anaishi maisha ya kawaida bila kulipa. Aliye ndani ya chama chenye ajira, mfano chama cha mafundi au hekalu, anaishi daraja la mwenye nafuu. Mwenye ujuzi wa kutumbuiza watu, mpiga zeze au mghani, anaweza kufikia daraja la tajiri. Anayetengeneza vitu anasogeza kazi ya thamani ya dhahabu 5 kwa siku na analipia malighafi nusu ya bei. Deraya ya 1,500 itamchukua siku 300 peke yake na dhahabu 750 za chuma na vifaa. Baada ya hesabu hiyo, bei ya dukani haionekani tena ya wizi.

Ukiihamishia pwani yetu

Msimamizi wa Lindi ana bahati ambayo wengine hawana: Kilwa Kisiwani iko mkoani kwake. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, wakati mji wenyewe ukitajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kutoka bara upande wa Zimbabwe. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyehusishwa na jumba la Husuni Kubwa. Shaba ya kununulia sokoni, dhahabu ya kuvukia bahari: mgawanyo huo unaingia katika madaraja saba bila kulazimishwa. Mwinyi anakaa nyumba ya mawe ya matumbawe na sahani za Kichina, maskini anakaa nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti.

Lakini orodha ya bei usiibebe nzima. Imetungwa kwa nchi ya baridi iliyo mbali na viungo, ndiyo maana pilipili manga na mdalasini ni dhahabu 2 kwa ratili na karafuu dhahabu 3. Katika bandari ya Bahari ya Hindi, shusheni pilipili, mdalasini na tangawizi, lakini hariri ya dhahabu 10 iacheni palepale. Deraya za mabamba ziondoeni sokoni au zifanyeni za kuagiza tu. Badala ya ngano tumieni mtama na mchele kwa bei ileile ya nafaka. Na kama mchezo wenu umekaa karne ya 14, msimpikie mtu ugali wa mahindi wala muhogo, na msimpitishe kwenye mikorosho: vyote vitatu asili yake ni Amerika na vilifika pwani hii baada ya Wareno.

Namna ya kutoza

Tozeni mara moja kwa wiki ya mchezo, si kila siku; kutoza kila siku kunaua mchezo kwa hesabu. Wa kawaida ni dhahabu 7, mwenye nafuu 14, tajiri 28, mwinyi 70, maskini fedha 14. Mchezaji achague daraja wiki inapoanza, kabla hajajua nani atamtafuta. Uchaguzi huo ubadilishe anaokutana nao. Anayeishi kimwinyi anaalikwa na wakubwa, na maadui wake wanajua anakolala. Anayeishi kifukara anapata habari za wezi na hapati mlango wa liwali. Ikiwa mmoja wa kundi anaishi kimwinyi na mwenzake kimaskini, wachezeni hivyohivyo: mlinzi wa mlango amkatalie wa pili, na wao waamue wafanye nini.

Gumu zaidi ni anayeshindwa kulipa. Kanuni hazitaji adhabu. Utaratibu mzuri ni kushuka daraja moja kila wiki ambayo hakulipa, na akifika uhohehahe, vifaa vyake vianze kuharibika, kwa sababu utunzaji wake ulikuwa ndani ya gharama asiyoitoa. Kubalianeni hilo siku ya kwanza. Mkingoja hadi mtu afilisike ndipo mlitunge, ataona mmelitunga kwa ajili yake.